Bidoni 2,400

Mwanamke yule alifika saa tatu asubuhi, Jumamosi, akiwa na bidoni mbili za njano, madumu ya kuchotea maji, mikononi na mtoto mgongoni. Bomba jeusi lilikuwa limepitishwa chini ya geti letu, hapa mtaa wa Golf, Lubumbashi, likimwaga maji ya pisini, bwawa letu la kuogelea, kwenye mfereji wa barabara tangu alfajiri. Ilikuwa mwezi wa kumi. Maua ya jakaranda yaliyoanguka usiku yalichukuliwa na yale maji yakateremka nayo hadi kwenye kona.

Alisimama. Akatazama bomba, akatazama mfereji, kisha akaniona.

"Mama, hii mayi munamwanga, naweza kuchota?"

Nikamwambia hapana, yana dawa.

"Hata ya kufulia?"

"Hata ya kufulia, mama."

"Aya," alisema. Hakukasirika. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akainua bidoni zake, akaendelea na safari.

Zimepita wiki saba. Nimeianza habari hii mara tatu na mara tatu nimeifuta, kwa sababu nilikuwa naanza na pisini. Ilitakiwa ianze na yeye.

Mwezi wa tano

Nyumba ni ya wazazi. Ilijengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Élisabethville, na baba alipoinunua pisini ilikuwepo tayari nyuma, chini ya miembe miwili. Urefu mita 8, upana mita 4, kina mita 1 upande wa watoto na mita 2 upande wa pili. Ni mita za ujazo 48. Shikeni hiyo namba.

Tangu nikiwa shule ya msingi kuna mzee aliyekuwa anakuja kila Alhamisi. Watoto wote wa nyumbani tulimwita papa wa pisini, na hadi leo sina jina jingine la kumwita. Alikuja na baiskeli, mti mrefu wa wavu umefungwa ubavuni, ndoo ya dawa nyuma. Saa mbili baadaye alikuwa ameondoka, na maji yalikuwa maji. Sikuwahi kujiuliza alikuwa anafanya nini katika hizo saa mbili.

Baba alipofariki, daftari la matumizi likabaki mikononi mwangu. Mwezi wa tano mwaka huu niliketi nalo nikatafuta pa kukata. Sentineli, mlinzi wetu, hapana. Dawa za mama, hapana. Karo za watoto wa marehemu kaka, hapana. Halafu nikaziona dola 60 za papa wa pisini, kila mwezi, kwa maji ambayo hakuna atakayeyagusa hadi mwezi wa tisa. Mji wetu uko juu, mita zaidi ya 1,200. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi tunatoka na makoti, na maji ya nje yanauma hadi kwenye mifupa. Nani ataogelea?

Nilimpigia simu. Mtu aliyeingia nyumba hii kabla mimi sijajua kusoma, sikumwita hata aje aketi, anywe chai, tuzungumze.

"Aya, mwana," alisema. "Lakini pampu musiizime."

Wiki ya tatu niliizima, kwa ajili ya bili ya umeme.

Maji yanaficha

Mwezi wote wa sita pisini ilikuwa buluu. Iling'aa kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka. Nilimwita mama dirishani nikamwambia aone mwenyewe: dola 60 zimebaki mfukoni na maji hayajabadilika. Mama alitazama, hakujibu kitu.

Baridi ndiyo iliyokuwa inatufichia. Kwenye baridi mwani, ule ukijani wa majini, unakua polepole sana, mtu anaweza kudhani haupo. Wakati huohuo jua la kiangazi linaitafuna klorini, dawa ya maji, iliyobaki, vumbi jekundu linatua juu ya maji usiku na mchana, majani ya mwembe yanazama na kuoza, na kila jani linalooza linakula sehemu yake ya dawa. Mimi nilikuwa nimetumbukiza vidonge viwili kwenye kile kikopo kinachoelea, nikaona nimemaliza. Pampu ikiwa imelala, dawa haitembei. Inabaki palepale ilipoyeyukia, na pembe nyingine za pisini hazijui kama ipo.

Mwezi wa nane ngazi zikaanza kuteleza. Nikasema ni kitu kidogo.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa joto likaja, na kazi ikaisha kati ya Jumatatu na Ijumaa. Jumatatu maji yalikuwa na ukungu wa kijani kwenye pembe. Ijumaa tundu la kutolea maji, chini kabisa, halikuonekana. Nilichota kikombe kimoja, nikakiinua juani, nikaona viluwiluwi vya mbu vinajikunja na kujikunjua.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kiangazi barabara yetu haina dimbwi hata moja; udongo umepasuka, mifereji imekauka. Maji yaliyosimama katika eneo lile yalikuwa ya kwetu peke yetu. Kwenye joto, yai la mbu huhitaji wiki moja hadi mbili tu kuwa mbu anayeruka. Na sentineli wetu, ambaye kibanda chake kiko hatua kumi kutoka pale, alikuwa ametoka kulala siku nne kwa palu, yaani malaria.

Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma alizaliwa kwetu. Mbu wa malaria hupendelea maji yasiyooza, na yetu yalishaoza. Nimejifariji kwa hoja hiyo siku kadhaa. Kisha nikakumbuka kwamba mwezi wa nane maji yetu yalikuwa bado safi kwa macho, yametulia, hayana dawa wala pampu ya kuyatikisa. Tangu nikumbuke hilo, kila nikimpa sentineli chakula chake cha jioni nashindwa kumwangalia.

Mawe ya buluu

Ningempigia papa siku ileile. Niliona haya. Nikamwita kijana mmoja niliyeelekezwa na jirani.

Alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa mawe madogo ya buluu, mazuri kama vito. Salfeti ya shaba. Katika mji huu shaba haimshangazi mtu; tumezaliwa chini ya bomba la moshi la kiwanda chake na kilima cheusi cha mabaki yake. Na ni kweli, shaba inaua mwani. Lakini dawa hiyo inapimwa kwa gramu chache, na yule kijana aliipima kwa kiganja. Viganja vinne, vitano. Siku ya pili maji yakawa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majani ya sombe, kisamvu. Siku ya tatu akaniambia mayi imekwisha, tuyamwage yote, tuanze upya.

Nilikubali haraka mno. Mtu mwenye aibu hupenda sana kuanza upya.

Ndiyo maana asubuhi ile sikuweza kumpa yule mama hata bidoni moja. Sabuni ingegoma na nguo zingechafuka. Mtoto angekunywa kwa bahati mbaya. Hata kumwagilia mchicha wa mtu nisingethubutu. Na mfereji ule unaelekea kijitoni, na kijito kinaelekea mto Lubumbashi, na shaba inaua samaki hata ikiwa kidogo sana. Hilo nililifikiria jioni, bomba likiwa limeshakauka.

Hesabu

Usiku ule nilichukua lile daftari la matumizi, ukurasa mpya.

Bidoni moja, lita 20. Mita za ujazo 48 ni lita 48,000.

Bidoni 2,400.

Akibeba mbili kila safari, ni safari 1,200. Akienda safari nne kwa siku, ni siku 300.

Kati ya alfajiri na saa kumi jioni nilikuwa nimemwaga karibu mwaka mzima wa safari za yule mama.

Papa anarudi

Mama ndiye aliyempigia, bila kuniambia. Alhamisi alikuwa getini na baiskeli yake, kama vile ile miezi mitano haikuwahi kuwepo. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akasimama ukingoni. Pisini tupu ni kitu kibaya kukitazama. Vigae vilikuwa na ukoko mweupe na wa kijani, chini kulikuwa na matope na viatu vya mtoto vilivyozama mwaka gani sijui.

"Mwana, nani alisema mumwange?"

Nilimweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akashuka ngazi polepole, akapitisha kidole ukutani, akapanda tena. Safari hii nilileta viti na chai.

Maji ya kijani, aliniambia, hayajafa. Ni maji yenye njaa ya dawa. Kwanza unashusha pH, kipimo cha uchachu wa maji, kwa sababu maji ya kisima chetu ni mazito kwa chokaa (tazama birika lako, alisema, na kweli birika letu ni jeupe ndani), nayo yanaipandisha pH daima. Mwani nao unaipandisha zaidi. Kwenye pH 8 ni kama robo tu ya klorini inayofanya kazi. Ishushe hadi 7.2, inakuwa theluthi mbili. Mimi nilikuwa nimetupa vidonge kwenye maji yaliyokuwa yanavilaza usingizi.

Baada ya hapo unapiga brashi kuta zote na sakafu, mwani utoke kwenye maficho. Jua likizama, unatia klorini ya unga, kilo nzima au zaidi, iliyoyeyushwa kwenye ndoo. Pampu inafanya kazi usiku na mchana. Filta ya mchanga inashika maiti za mwani, presha inapanda. Ikizidi ya kawaida kwa nusu bari unaiosha kwa kugeuza maji. Kesho unarudia. Kijani kinakuwa kijivu, kijivu kinakuwa maziwa, maziwa yanakuwa maji.

"Siku tano," alisema. "Siku saba kama iko mubaya sana."

Nilihisi tumbo linashuka. Nikatafuta pa kushika. Nikamuuliza: hakuna hata sababu moja ya kumwaga?

Alifikiri, na kwa kuwa ni mtu wa haki, alinipa moja. Vile vidonge vyeupe vina asidi ya sianuri ndani, inayoikinga klorini isiliwe na jua. Ni kitu kizuri kikiwa kidogo. Lakini klorini inatumika na kuisha, asidi ile haiishi. Kila miligramu 10 za klorini ya vidonge huacha takriban miligramu 6 za asidi ile, mwaka baada ya mwaka, hadi inaanza kuifunga klorini mikono. Dawa za kawaida haziitoi. Unapunguza maji, unaongeza mapya. Kwa miaka tuliyotumia vidonge, alikadiria kwamba theluthi moja ilistahili kutoka.

Theluthi moja ni bidoni 800, ambazo zingetoka mwezi wa tano, kabla ya mawe ya buluu, zikiwa zinafaa angalau kuoshea gari au kutuliza vumbi la barabara.

Bidoni 1,600 zilizobaki niliziua bure.

Tuifukie?

Mwezi wa kumi wote swali hilo lilikaa nasi mezani. Dada yangu mdogo alikuwa upande wa udongo: malori ya mchanga, tupande migomba, tumalize. Mimi nilikuwa upande wake. Sikuona nitawezaje kulijaza shimo lile tena huku nikijua kinachopita mbele ya geti kila asubuhi. Sioni hata leo kama nina jibu linalotosha.

Mama alikataa. Alisema baba alijifunza kuogelea pale akiwa na miaka 52, ameshika ukingo kama mtoto, na kwamba wajukuu wote kumi na mmoja wamejifunzia pale, na mto haumuulizi mtu kama anajua kuogelea. Hakusema zaidi. Kwa mama, hiyo ni hotuba.

Papa naye alituharakisha kwa sababu nyingine. Mvua zilikuwa njiani. Udongo ukishiba maji, pisini tupu inasukumwa kutoka chini; inaweza kupasuka, hata kuinuka. Kuiacha wazi tukijadiliana hadi mwaka mpya kulikuwa kama kuchagua kuivunja.

Tukaijaza. Pampu ya kisima ilifanya kazi siku nne, ikisimama kila umeme ulipokatika. Nilikwenda kuangalia usiku, na tochi. Sikuwahi kabla ya hapo kuona maji yakipanda kwenye ukuta kidole kwa kidole.

Saa mbili za Alhamisi

Sasa naketi naye. Nataka kujua nilichokikata kwenye daftari.

Kwanza anainama na kunusa. Nilidhani harufu kali ya klorini ni dalili ya dawa nyingi. Ni kinyume chake: harufu ile hutoka pale klorini inapokuwa imeshikana na jasho na mkojo na imechoka. Pisini iliyotunzwa hainuki sana. Halafu anachota maji kwa kichupa, kiwiko chote kikiwa ndani, kwa sababu maji ya juu hayasemi ukweli wote. Matone, rangi, anakiinua mbele ya ukuta mweupe. Klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. pH kati ya 7.2 na 7.6.

Kisha wavu, kikapu cha majani, brashi. Brashi ndiyo inayochukua muda. Anapita nyuma ya ngazi, chini ya taa, kwenye pembe ambako maji hayazunguki, na anapita hata pale ambapo mimi sioni kitu. Kabla ya kugeuza mkono wa filta lazima azime pampu. Akiugeuza pampu ikiwa inafanya kazi, valvu inaweza kuvunjika. Saa za pampu anazipata kwa kugawa joto la maji kwa mbili: maji yakiwa na nyuzi 26, saa 13, mwezi wa saba yakiwa na 16, saa 8 zinatosha. Saa nane. Hizo ndizo nilizoshindwa kulipia.

Na dawa yenyewe? Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa kila lita katika maji yetu yote, unga wenye nguvu ya asilimia 65 unahitajika gramu 75 hivi. Kikombe kidogo cha kahawa.

Nimekaa na kile kikombe mkononi kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika.

Ana woga wake pia, na nimeuheshimu. Unga na vidonge havikai kwenye ndoo moja, hata kijiko hakichangiwi. Vikichanganyika vinaweza kuwaka na kulipuka. Asidi inakaa chumba kingine kabisa, kwa sababu ikikutana na klorini inatoa gesi inayochoma mapafu. Na dawa hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya dawa. Miaka yote hiyo ameyafanya haya kwa mikono mitupu na kitambaa puani. Nilimnunulia glavu, miwani na barakoa. Alizipokea kwa mikono miwili, na mimi nikaona aibu nyingine, maana alikuwa anakohoa tangu nikiwa msichana na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sheria moja hairuhusu mjadala: kama tundu la upande wa kina halionekani wazi, hakuna anayeingia, hata mtu mzima. Kwenye maji yenye ukungu mtoto anazama mita moja na nusu kutoka kwako na humwoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Nilimsomea hiyo. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye brashi.

Tumenunua pia turubai. Katika siku za joto kavu maji yakishuka milimita 5 tu, kwa uso wa mita za mraba 32, ni lita 160. Bidoni nane zinapanda hewani kila siku. Siku hizi sijui tena kuhesabu maji kwa kipimo kingine.

Robine

Wiki ya tatu ya mwezi wa kumi na moja fundi alitoa robine, bomba la kuchotea maji, kwenye ukuta wa nje, kutoka kisima chetu. Inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, umeme ukiwepo. Umeme usipokuwepo akina mama wanapita moja kwa moja, na hilo linatokea mara nyingi kuliko ningependa.

Nilimwambia sentineli anipe habari yule mama akionekana. Nilimweleza vizuri: si mzee, ana mtoto mgongoni, bidoni mbili za njano.

Alinitazama kwa heshima, akijaribu kunisaidia.

"Mama gani, mama? Bote beko na bidoni ya njano. Bote beko na mutoto mu mugongo."